Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vera Lynn, Mwimbaji wa Redio na Jukwaa wa Uingereza

Vera Lynn alianza kulipwa kwa kuimba akiwa mtoto wa miaka 7, na albamu yake ilikuwa bado inaingia katika orodha za mauzo alipokuwa na miaka 103. Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo huulizwa zaidi na wasomaji waliosikia jina lake kupitia filamu za Vita vya Pili vya Dunia, taarifa za kifo chake mwaka 2020, au wimbo mmoja ambao karibu kila mtu ameusikia mahali fulani bila kujua ni nani aliyeuimba.

Vera Lynn alizaliwa wapi, na hilo lilikuwa jina lake halisi?

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1917 huko East Ham, mji ambao wakati huo ulihesabiwa katika jimbo la Essex na ambao leo ni sehemu ya mashariki ya London. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Vera Margaret Welch. Baba yake alikuwa fundi bomba na mama yake alikuwa mshonaji wa nguo. Alipokuwa na umri wa miaka 2 aliugua koo kwa dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiua watoto wengi enzi hizo, na akalazwa hospitalini kwa muda mrefu akiwa ametengwa na familia. Jina la Lynn alilichukua akiwa na umri wa miaka 11 kutoka kwa bibi yake mzaa mama, ambaye ndilo lililokuwa jina la ukoo wake kabla ya kuolewa.

Aliingiaje katika kazi ya uimbaji?

Aliingia kupitia klabu za wafanyakazi za mashariki ya London, yaani kumbi ambazo wafanyakazi wa bandarini, wa reli na wa viwandani walikwenda jioni kunywa bia, kucheza karata na kusikiliza waimbaji. Wasikilizaji wa kumbi hizo hawakuwa wapole. Mwimbaji aliyewachosha aliambiwa hivyo papo hapo, na aliyewapendeza aliombwa arudie, jambo lililomwongezea malipo kidogo. Vera mdogo aliimba humo tangu akiwa na miaka 7, akiwa amevaa nguo alizoshonewa na mama yake, kisha akajiunga na kundi la watoto waliocheza na kuimba, ambalo alikaa nalo hadi alipokaribia utu uzima.

Alipoacha shule akiwa na miaka 14, mama yake alitaka apate kazi ya kueleweka, na akapelekwa kiwandani kushona vifungo. Alikaa huko siku moja tu. Baba yake alipopiga hesabu na kuona kwamba mshahara wa wiki nzima kiwandani ulikuwa sawa na kile ambacho binti yake alikuwa akikipata kwa usiku mmoja wa kuimba, alimwambia asirudi. Hesabu hiyo ya baba yafaa kukumbukwa, kwa sababu inaonyesha kwamba kwa familia hiyo uimbaji ulikuwa kazi ya mikono kama kazi nyingine, na Vera Lynn aliendelea kuutazama hivyo maisha yake yote: alifika kwa wakati, alijua maneno yake na hakujulikana kwa vishindo vya nyota.

Je, alisomea muziki?

Hapana. Hakuwahi kupata mafunzo rasmi ya sauti, na hakuwa na ustadi wa kusoma nota. Aliwahi kwenda kwa mwalimu wa sauti kuomba amsaidie kupanua upeo wa sauti yake, na mwalimu huyo, baada ya kumsikiliza, akakataa kumfundisha kwa kuwa aliona namna yake ya kuimba ni kinyume cha yale aliyoyaamini.

Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko ilivyotarajiwa kwa mwanamke mwembamba, na nyimbo nyingi zilizochapishwa wakati ule ziliandikwa katika ufunguo, yaani kimo cha sauti, ambao ulikuwa juu mno kwake. Tangu akiwa kijana alikuwa akienda Denmark Street, mtaa wa London uliojaa ofisi za wachapishaji wa nyimbo, akachagua nyimbo mpya na kuomba ziandikwe upya katika ufunguo wa chini. Katika kuchagua alianza na maneno, halafu ndipo alipousikiliza muziki. Wimbo ambao maneno yake hakuyaamini aliuacha, hata kama mchapishaji aliusifu namna gani.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi yake kudumu, kama ipo siri. Waimbaji wa jukwaa wa kizazi kilichomtangulia walijifunza kuipeleka sauti hadi safu ya mwisho ya ukumbi kwa nguvu za kifua, na sauti ya namna hiyo huzeeka vibaya. Vera Lynn alikua wakati kipaza sauti kinaingia katika kumbi na redio inaingia majumbani, akatambua mapema kuliko wengi kwamba chombo hicho hakihitaji kupigiwa kelele. Aliimba polepole, akatamka kila silabi hadi mwisho wake, na akamwimbia mtu mmoja aliyeketi karibu na redio yake badala ya kuimbia umati. Wakosoaji wa muziki walilalamika kwamba sauti yake ni ya kawaida na kwamba alikuwa akiteleza kidogo anapopanda kutoka noti moja hadi nyingine. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, ila hayaelezi kwa nini msikilizaji wa leo anaweza kuweka santuri yake ya mwaka 1939 yenye mikwaruzo na bado asipoteze neno hata moja.

Aliimba na bendi zipi kabla ya vita?

Matangazo yake ya kwanza ya redio yalikuwa mwezi Agosti 1935 akiwa na bendi ya Joe Loss. Mwaka huohuo aliimba na bendi ya mpiga piano Charlie Kunz, na mwaka 1937 akahamia katika bendi ya Bert Ambrose, iliyokuwa miongoni mwa bendi za dansi zenye heshima kubwa kabisa London, akakaa nayo hadi alipoanza kujitegemea mwaka 1940. Katika bendi za namna hiyo mwimbaji hakuwa nyota: alikaa kitini upande mmoja, akanyanyuka kuimba ubeti na kibwagizo, kisha akarudi kukaa huku wapigaji wakiendelea.

Santuri yake ya kwanza ya peke yake, “Up the Wooden Hill to Bedfordshire”, ilitoka mwaka 1936 chini ya kampuni ya Crown. Zilikuwa santuri ndogo za inchi 9 zilizouzwa kwa peni 6 katika maduka ya Woolworths, yaani bidhaa ya watu wa kipato cha chini, na hao ndio waliomjua kwanza.

“We'll Meet Again” ni utunzi wake?

Si utunzi wake. Wimbo huo, ambao jina lake maana yake ni kwamba tutaonana tena, ulitungwa na Ross Parker na Hughie Charles, na Vera Lynn aliurekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1939, mwaka ambao vita vilianza. Wengi wanaodhani wanaijua rekodi hiyo kwa kweli wanaijua ile ya miaka ya 1950, yenye kwaya ya sauti nzito za wanaume na okestra. Ile ya 1939 ni tofauti kabisa: nyuma yake yupo mtu mmoja tu, Arthur Young, akipiga Novachord, kinanda cha umeme ambacho kilikuwa kitu kipya wakati huo na ambacho sauti yake inatetemeka kama inatoka ndani ya maji. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba wimbo unaochukuliwa leo kuwa alama ya mambo ya kale ulirekodiwa kwa ala ya kisasa kuliko zote zilizokuwapo studioni.

Nguvu ya wimbo wenyewe ni kwamba hautaji vita, hautaji adui, wala hautaji nchi. Anayeimba anaagana na mtu na kumwahidi kwamba wataonana siku ambayo haijulikani, mahali pasipojulikana. Ndiyo maana umeweza kuazimwa kwa shughuli nyingi, ikiwamo mwisho wa kejeli wa filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1964 kuhusu vita vya nyuklia, ambapo unasikika huku mabomu yakilipuka.

Jina la “mpenzi wa majeshi” lilitoka wapi?

Mwaka 1940 gazeti la Daily Express liliwauliza wanajeshi wa Uingereza ni mwanamuziki gani wanayempenda zaidi, na Vera Lynn akashika nafasi ya kwanza. Tangu hapo akaitwa mpenzi wa majeshi, na jina hilo likamfuata hadi kaburini. Ifahamike kwamba halikuwa jina la tamaa ya macho. Picha za warembo waliovaa nguo chache zilibandikwa kambini kwa kazi nyingine. Huyu alikuwa binti wa fundi bomba aliyezungumza kwa lafudhi ya mashariki ya London, na askari alipomsikia alimkumbuka dada yake, mchumba wake au jirani wa mtaani kwao.

Kipindi chake cha redio kilikuwaje, na kwa nini baadhi ya wakubwa walikipinga?

Kipindi hicho, “Sincerely Yours”, kilianza kutangazwa na BBC mwezi Novemba 1941, Jumapili usiku baada ya taarifa ya habari ya saa 3, na mtayarishaji wake alikuwa Howard Thomas. Kilipangwa kama barua. Vera Lynn alifungua kwa salamu kwa vijana waliokuwa mbali na nyumbani, akaimba, akasoma ujumbe kutoka kwa familia, akaimba tena, kisha akaaga. Kabla ya matangazo alikuwa akienda katika wodi za wazazi kuwatembelea akina mama waliojifungua wakati waume zao wako vitani, akawapelekea maua, na usiku wa Jumapili akamtangazia baba aliyekuwa maelfu ya maili mbali kwamba mtoto amezaliwa, kwamba mama na mtoto ni wazima. Katika wakati ambapo barua ilichukua wiki nyingi kufika, na nyingine hazikufika kabisa, mtu anaweza kukisia ujumbe kama huo ulipokewaje jangwani Libya au melini.

Upinzani ulikuja mapema. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 1942 Uingereza ilikuwa inashindwa: Singapore ilianguka mwezi Februari, Tobruk huko Libya ikafuata mwezi Juni, na wapo wabunge na maofisa wastaafu waliosema kwamba nyimbo za mapenzi na majonzi zinamlainisha askari, kwamba anayepaswa kusikia muziki wa gwaride anaimbiwa kana kwamba anabembelezwa alale. Bodi ya BBC iliweka katika kumbukumbu za kikao chake kwamba inasikitishwa na kipindi hicho, ingawa umaarufu wake umeonekana. Ni sentensi fupi ambayo ndani yake mtu anamwona ofisa akivutwa huku na huku. Mwezi Julai 1942 shirika hilo likatoa mwongozo wa kuzuia uimbaji dhaifu wa wanaume na uimbaji wa wanawake uliopita kiasi katika hisia. Kipindi chake kikasimama kwa muda.

Jibu la Vera Lynn lilikuwa rahisi na halikubadilika katika mahojiano ya miaka yote iliyofuata: askari hahitaji kuimbiwa gwaride, kwa kuwa gwaride analo la kutosha mchana kutwa, anahitaji kukumbushwa ni nani anayempigania. Barua za askari wenyewe zilimuunga mkono, na historia nayo haikuwapa ushindi wale maofisa, maana majeshi yaliyosikiliza nyimbo hizo ndiyo yaliyopigana na kushinda El Alamein, Misri, miezi michache baadaye.

Wakati London ikipigwa mabomu, maonyesho ya jukwaani yaliendelea?

Yaliendelea. Alikuwa katika onyesho la “Applesauce” pamoja na mchekeshaji Max Miller katika ukumbi wa Holborn Empire, na ukumbi huo ulipoharibiwa na mabomu onyesho likahamia London Palladium mwaka 1941. King'ora cha hatari kilipolia, watazamaji walitangaziwa kwamba anayetaka anaweza kuondoka. Wengi walibaki, na pale mashambulizi yaliporefuka wasanii waliendelea kuimba nje ya ratiba hadi king'ora cha usalama kiliposikika. Kisha yeye alipanda gari lake dogo la Austin na kuendesha kurudi nyumbani mashariki, katika barabara zisizo na taa kwa amri ya serikali, akiwa na kofia ya chuma kando yake.

Kwa nini alikwenda Burma?

Kwa sababu wasanii wengine hawakwenda. Taasisi iliyopeleka burudani kwa wanajeshi, ENSA, ilikuwa na wasanii wengi waliokuwa tayari kwenda Afrika Kaskazini na Italia, lakini Jeshi la 14 lililokuwa likipigana na Wajapani kwenye mpaka wa India na Burma, nchi inayoitwa leo Myanmar, halikupata wageni, na askari wake wenyewe walijiita Jeshi Lililosahauliwa. Vera Lynn alipouliza ni wapi kuna uhaba, alijibiwa kwamba ni huko, akaomba apelekwe.

Aliondoka katika majira ya kuchipua ya mwaka 1944 akiwa na mpiga piano wake, Len Edwards, wakasafiri kwa ndege ya kutua majini na kupitia Gibraltar, Misri na Basra hadi India. Kutoka Bengali walisogea mashariki kwa lori na kwa ndege ndogo. Kila kituo kilikuwa na taabu yake. Piano ndogo ilipakiwa ndani ya lori na kushushwa mahali pa onyesho, na kwa joto, unyevunyevu na mitikisiko ya njia ikapoteza sauti sawia siku hata siku, hivyo Len Edwards akawa anakwepa vitufe vilivyokufa huku mwimbaji akiendelea. Vipodozi viliyeyuka usoni, wadudu walijaa mbele ya taa, na jukwaa lilikuwa mbao zilizowekwa juu ya chochote kilichopatikana. Siku nyingine aliimbia maelfu ya askari waliokaa chini kwenye mteremko wa kilima. Siku nyingine aliimba kando ya vitanda viwili vitatu katika hospitali ya mahema, kwa majeruhi wasioweza kunyanyua vichwa. Mapigano ya Kohima, yaliyokuwa makali kuliko mengi katika vita hivyo, yalikuwa yakiendelea wakati yeye yuko eneo hilo la mpaka.

Alirejea Uingereza mwanzoni mwa Juni 1944, siku zilezile ambazo majeshi yalivuka bahari kwenda Normandy, Ufaransa. Kati ya heshima zote alizopata, nishani ya Burma Star aliyokabidhiwa mwaka 1985 ndiyo iliyomweka katika safu moja na wale aliowaimbia, na chama cha maveterani wa Burma kilimhesabu kuwa mwenzao hadi mwisho.

Je, askari wa Afrika Mashariki waliokuwa Burma walimwona?

Swali hili huulizwa na wasomaji ambao babu zao walikuwa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles). Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya KAR kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, ilikuwa ikifanya mazoezi Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, wakati Vera Lynn anaimba mpakani, na iliingia mstari wa mbele katika eneo la Tamu na bonde la Kabaw mwezi Agosti 1944, yaani baada ya yeye kuondoka. Kwa hiyo walipita katika matope yaleyale, chini ya jeshi lilelile la 14, ila kwa miezi tofauti. Kama babu alikuwa na wimbo wake mdomoni, huenda aliupata kwenye redio ya kambi au kwenye gramafoni ya maofisa.

Ni kweli kwamba wimbo wa miamba myeupe ya Dover una kosa?

Ni kweli. “The White Cliffs of Dover” ulitungwa mwaka 1941 na Wamarekani wawili, Walter Kent na Nat Burton, na unataja ndege wa bluu wakiruka juu ya miamba hiyo ya pwani ya kusini ya Uingereza. Ndege wa aina hiyo wanaishi Amerika Kaskazini na si wa Uingereza. Waingereza walilijua jambo hilo tangu mwanzo na hawakulijali.

Aliwahi kucheza filamu?

Alicheza tatu wakati wa vita, mbili mwaka 1943 na moja mwaka 1944. Hakuwa mwigizaji mkubwa na hakujifanya kuwa.

Baada ya vita alififia?

Hii ndiyo dhana potofu iliyoenea kuliko zote, kwa sababu mafanikio yake makubwa ya mauzo yalikuja baada ya vita. Binti yake alizaliwa mwaka 1946, akapumzika, akarudi kazini mwaka 1947. Marejeo hayo hayakuwa mepesi. Mwishoni mwa muongo huo, ndani ya BBC palikuwa na waliotaka aache nyimbo za taratibu na kuimba zilizochangamka zaidi. Alikataa, akawa nje ya matangazo ya shirika hilo kwa muda na kutangaza kupitia Radio Luxembourg. Ni mara ya pili kwa wakubwa kumwambia kwamba wasikilizaji wake wamekosea, na kwa mara ya pili wasikilizaji walishinda.

Mwaka 1952 alirekodi “Auf Wiederseh'n, Sweetheart”, wimbo wa Mjerumani Eberhard Storch uliopewa maneno ya Kiingereza, akiwa na kwaya ya wanajeshi nyuma yake. Ukapanda hadi nafasi ya kwanza Marekani na kukaa hapo wiki 9, na hivyo akawa msanii wa kwanza wa Uingereza kuongoza orodha ya mauzo ya Marekani inayochapishwa na jarida la Billboard, zaidi ya miaka 10 kabla ya Beatles kufika huko. Fikiria pia hali yenyewe: miaka 7 baada ya mabomu kukoma, mwanamke aliyekuwa sauti ya vita dhidi ya Ujerumani anaimba wimbo wa kuaga wenye kichwa cha Kijerumani, na hakuna anayekasirika. Orodha ya kwanza ya mauzo ya santuri Uingereza ilipochapishwa tarehe 14 Novemba 1952, nyimbo zake 3 zilikuwamo, na mwaka 1954 “My Son, My Son” ikashika nafasi ya kwanza nchini mwake.

Wakati huohuo jukwaa halikuachwa. Katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1950 alikuwa katika onyesho la “London Laughs” katika ukumbi wa Adelphi pamoja na wachekeshaji Jimmy Edwards na Tony Hancock, akiimba usiku baada ya usiku. Baadaye zikaja televisheni na ziara za nje. Muziki wa roki ulipofagia wengi wa rika lake, yeye hakujaribu kuufuata, na pengine hilo ndilo lililomwokoa, kwani mwimbaji anayekimbilia mtindo wa vijana huwapoteza wazee bila kuwapata vijana.

Nani alisimamia kazi yake?

Kwa sehemu kubwa ni mumewe, Harry Lewis, mpiga klarineti na saksofoni aliyekutana naye katika bendi ya Ambrose. Walioana mwaka 1941 na kuishi pamoja hadi Harry alipofariki mwaka 1998. Makazi yao ya muda mrefu yalikuwa kijijini Ditchling, Sussex.

Alipewa heshima gani, na alishughulika na nini nje ya muziki?

Alipewa nishani ya OBE mwaka 1969, cheo cha Dame mwaka 1975, ambacho kwa mwanamke ni sawa na Sir kwa mwanamume, na mwaka 2016 akaingizwa katika daraja la Companion of Honour. Nje ya muziki alichangisha fedha kwa ajili ya utafiti wa saratani ya matiti na kwa ajili ya maveterani, na alianzisha taasisi inayosaidia watoto wadogo wenye mtindio wa ubongo pamoja na wazazi wao. Mwaka 2009 alipinga hadharani chama kimoja cha mrengo mkali wa kulia kilipotumia wimbo wake katika kampeni. Hakutaka jina lake liwe mali ya chama.

Alistaafu lini?

Uimbaji wake wa mwisho uliopangwa hadharani ulikuwa tarehe 8 Mei 1995 mbele ya Jumba la Buckingham, katika kuadhimisha miaka 50 ya kumalizika kwa vita Ulaya. Alikuwa na miaka 78, na aliamua mwenyewe kwamba imetosha kabla sauti haijaamua kwa niaba yake. Katika maadhimisho ya miaka 60, mwaka 2005, alisimama Trafalgar Square kuzungumza juu ya wajibu wa kuwakumbuka waliokufa.

Santuri, hata hivyo, hazikustaafu. Mwezi Septemba 2009 mkusanyo wa nyimbo zake ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya albamu za Uingereza akiwa na umri wa miaka 92, katika wiki ambazo albamu za Beatles zilizotolewa upya zilikuwa zikigombea nafasi hiyohiyo. Alipotimiza miaka 100 mwaka 2017 ilitoka albamu iliyoweka sauti yake ya zamani juu ya okestra mpya, ikafika nafasi ya 3, na siku hizo picha yake ikamulikwa kwenye miamba ya Dover. Tarehe 5 Aprili 2020, katikati ya janga la korona, Malkia Elizabeth alihitimisha hotuba yake kwa taifa kwa ahadi kwamba tutaonana tena, na kila Mwingereza alijua maneno hayo yametoka wapi. Vera Lynn alifariki tarehe 18 Juni 2020. Siku ya mazishi, mwezi Julai, ndege za Spitfire, ndege za kivita za enzi za vita, ziliruka juu ya Ditchling.

Walikuwapo waimbaji wengine wa kiwango chake?

Walikuwapo. Gracie Fields, aliyezaliwa Rochdale mwaka 1898, alikuwa na sauti kubwa kuliko yake na vichekesho juu yake, na kabla ya vita alipendwa kuliko mtu yeyote. Ila mumewe Monty Banks alikuwa Mwitaliano, na walipoondoka kwenda Amerika ili mume huyo asiwekwe kizuizini kama raia wa nchi adui, magazeti ya nyumbani hayakumhurumia. Anne Shelton naye aliwaimbia wanajeshi katika redio na akashika nafasi ya kwanza ya mauzo mwaka 1956. Kwa masikio ya mwandishi wa majibu haya, Shelton alikuwa mwimbaji bora zaidi wa dansi kati ya wawili hao wa redio, mwenye mdundo na ulegevu wa jazi ambao Vera Lynn hakuwa nao.

Anayeanza kumsikiliza aanze na nini?

Aanze na “We'll Meet Again” ya mwaka 1939 yenye Novachord, na ahakikishe kwamba si ile yenye kwaya. Kisha asikilize “Yours” ya miaka hiyohiyo ya vita, ambapo sauti iko chini kabisa na pumzi zinasikika, na baada ya hapo “Auf Wiederseh'n, Sweetheart” ya 1952 ili asikie sauti ileile ikiwa imekomaa na kunenepa. Matoleo yaliyosafishwa sana kwa kompyuta yana usafi unaoondoa pia hewa ya chumba, hivyo mwenye nafasi ya kuchagua achague yenye mikwaruzo kidogo, na asisikilize kwa sauti kubwa.